WAR inajengeka vizuri, lakini Tomcat haiioni draiva ya MySQL

fundi_njiro
Wakuu, naomba msaada. Nina programu ya wavuti ya Java ya kupokea oda za safari za watalii. Hapa Arusha kwenye kompyuta yangu inakwenda vizuri ndani ya IDE. Nikijenga kwa Maven (`mvn package`) na kuipeleka WAR (faili moja lenye programu nzima) kwa mteja Moshi (inaendeshwa na Tomcat 9, seva haina intaneti), ukurasa wa kwanza unafunguka, ila ikigusa tu kanzidata inatoa `ClassNotFoundException: com.mysql.cj.jdbc.Driver`. Draiva (maktaba inayounganisha Java na MySQL) nimeiweka kwa skopu ya `system` (skopu inaiambia Maven maktaba itumike wapi), na `systemPath` inaelekeza kwenye folda ya mradi. Ni kukosa intaneti au?

kibo_java
Intaneti haihusiki, mkuu. Maven ndiyo inayoshusha jar (mafaili ya maktaba), tena wakati wa kujenga. Tomcat haishushi kitu.

Mchawi ni hiyo `system`. Jar yake inatumika kukompaili, lakini haiingizwi kwenye `WEB-INF/lib`, folda ya maktaba ndani ya WAR. IDE inakudanganya kwa sababu yenyewe inaiongeza kwenye classpath (mahali Java inapotafuta klasi). Kagua kabla hujapanda gari la Moshi:

`jar tf target/safari.war | grep WEB-INF/lib`

Kwenye `pom.xml` (faili la mipangilio ya Maven) futa `systemPath`, weka hii:

```
<dependency>
  <groupId>com.mysql</groupId>
  <artifactId>mysql-connector-j</artifactId>
  <version>8.4.0</version>
  <scope>runtime</scope>
</dependency>
```

Halafu `mvn clean package`. Kama una jar ambayo haipo Maven Central (ghala la jar la mtandaoni), isajili kwenye `~/.m2` (ghala la kwenye kompyuta yako) kwa `mvn install:install-file`, ukiipa groupId, artifactId na version, kisha iite kama tegemezi la kawaida.

soweto_moshi
Naongezea: servlet-api (maktaba ya msingi ya programu za wavuti za Java) iwe `provided`, yaani ya kukompaili tu, isiingie kwenye WAR. Tomcat inayo yake. Ukiipakia ndani ya WAR, logi itaandika `jar not loaded` na kuiruka. Na kwa kuwa ni Tomcat 9, baki na `javax.servlet`. Toleo la 10 linataka `jakarta.servlet`, na servleti za zamani halizitambui.

Kwa wanaojenga kwa Gradle badala ya Maven: plagini ya `war`, kisha `providedCompile` kwa servlet-api na `runtimeOnly` kwa draiva.

fundi_njiro
Nimewaelewa. Ila DataSource (mipangilio ya kuunganisha na kanzidata) nimeitangaza kwenye `META-INF/context.xml`, siyo kwenye kodi. Bado draiva ikae `WEB-INF/lib`?

kibo_java
Ungeanza na hilo, ndugu yangu! Hapo jibu langu la kwanza linageuka. Bwawa la miunganisho ya hiyo DataSource linatengenezwa na Tomcat yenyewe, na kipakiaji chake cha klasi hakichunguli ndani ya WAR yako. Nakili jar ya draiva kwenye folda ya `lib` ya Tomcat, kisha uzime Tomcat na kuiwasha upya. Kwenye pom badilisha `runtime` iwe `provided`, zisiwepo nakala mbili. `system` bado ifutwe.