Nyumba ya kupanga Area D, wanataka kodi ya miezi sita mbele. Naombeni ushauri kabla sijalipa

Mpwapwa Asili (mleta mada)

Wakuu, habari za jioni. Niende moja kwa moja kwenye mada maana nina hadi Jumatatu tu.

Mimi ni mtumishi, nimehamishiwa Dodoma tangu Aprili, ofisi iko Mji wa Serikali kule Mtumba. Miezi yote hii nimekaa chumba kimoja Ipagala, familia nimeiacha Dar es Salaam kwa sababu ya shule. Januari wanahamia huku. Mtoto mmoja anaingia la nne, mwingine ana miaka minne. Mama yangu mzazi naye namtoa Mpwapwa, presha inamsumbua na nataka awe karibu na hospitali. Pamoja na dada wa kazi tutakuwa watu sita.

Nimepata nyumba Area D. Vyumba vitatu, viwili masta, sebule kubwa, jiko lina makabati, uwanja wote umepigwa pevingi, ukuta mrefu na juu yake nyaya za umeme. Mtaa umetulia kabisa, hata bodaboda hausikii. Nilienda na mke wangu Jumapili saa nne asubuhi, alikuja kwa treni ya SGR kwa ajili hiyo tu. Alipoingia chumba cha watoto akatoa futi kamba kwenye mkoba, akapima dirisha kwa ajili ya pazia hapo hapo. Nikajua kashaichagua.

Kodi ni laki nane kwa mwezi, miezi sita mbele, yaani 4,800,000. Dalali naye anataka ya mwezi mmoja, jumla 5,600,000. Mwenye nyumba sijaonana naye. Dalali anasema yuko Arusha na amemwachia yeye kila kitu. Anasema pia kuna familia nyingine inalipa Jumatatu mchana.

Hela ninayo, lakini ni mkopo. Ikipotea sina nyingine. Nisaidieni: niangalie nini zaidi? Na kwa familia yenye bibi na watoto, mtaa kimya namna hii unafaa?

Kijana wa Nkuhungu

Mkuu, usilipe kwanza. Milioni tano na laki sita unamkabidhi mtu kwa ajili ya nyumba ya mtu mwingine ambaye hujamwona hata uso? Hiyo "familia nyingine inalipa Jumatatu" mimi nimeambiwa na madalali watatu tofauti mwaka huu huu. Hata kama ipo kweli, waache walipe.

Fundi Bomba Dom

Niko kwenye kazi ya mabomba hapa mjini mwaka wa kumi na mbili. Shemeji kapima dirisha, vizuri, lakini sijaona uliposema mlifungua bomba.

Kaka, hapa si Dar es Salaam. Dodoma ni nchi kame, mvua tunapata msimu mmoja tu, kuanzia Desemba mpaka Aprili hivi, halafu basi. Maji ya mji kwa sehemu kubwa yanatoka kwenye visima vya Mzakwe, bonde la Makutupora, na mji umepanuka mno tangu Serikali ilipotangaza kuhamia mwaka 2016. Kwa hiyo maji yanakuja kwa mgao. Nyumba mbili zinazotazamana zinaweza kutofautiana kabisa, moja iko juu kidogo ya barabara, nyingine chini. Ya chini inajaza tenki, ya juu inasikia upepo tu kwenye bomba.

Ukienda tena, bomba la jikoni lisikudanganye. Lile linatoka kwenye tenki, na dalali anaweza kuwa ameita boza jana yake. Tafuta bomba la nje lililo karibu na mita, maji ya hapo yanatoka barabarani kabla hayajafika kwenye tenki. Kisha toka getini umuulize mlinzi wa nyumba ya jirani au mama anayeuza maandazi kwenye kona: maji yanatoka siku gani, saa ngapi, na yanakaa muda gani? Hao hawana kamisheni kwenye kodi yako.

Halafu piga hesabu. Watu sita, kila mtu lita 80 kwa siku kwa matumizi ya kawaida, ni lita 480. Tenki la lita 2,000 linakwisha siku ya tano asubuhi. Kama mgao wao ni wa wiki mara moja, kila wiki utanunua maji. Uliza pia kama kuna tenki la chini na mota ya kupandishia, maana presha ikiwa ndogo lile la juu ya mnara linabaki pambo.

Jambo la mwisho. Maji yetu yana chumvi. Fungua kichwa cha shawa kwenye hiyo masta, utazame ndani. Ukikuta utando mweupe mgumu kama chokaa umeziba matundu, ujue hita nayo imekula chumvi, na kuibadilisha ni gharama. Ya nani? Iandikwe kwenye mkataba.

Dada wa Area C

Naomba nijibu swali lako la mwisho, naona wengi watalipita.

Baba alipofariki nilimchukua mama kutoka Kondoa tukakaa naye kwenye nyumba kama hiyo uliyoieleza. Kuta ndefu, geti la chuma, pevingi mpaka mlangoni, hakuna hata mti. Nilijiona nimempa mama maisha mazuri. Wiki ya pili narudi kazini saa kumi na moja jioni, namkuta ameketi kwenye kigoda nyuma ya geti, upande wa ndani. Geti lilikuwa na uwazi kidogo kwa chini. Ameinama anatazama miguu ya wapita njia. Nikamuuliza, mama, unafanya nini hapa? Akasema, "Nasubiri mtu wa kumsalimia."

Kwao Kondoa alikuwa akiamka anasalimia nyumba nane kabla ya chai. Kule kwetu asubuhi yanatoka magari, geti linafungwa, jioni yanaingia magari, geti linafungwa. Presha yake haikushuka kwa dawa zile zile alizokuwa anatumia nyumbani. Siwezi kusema ni upweke tu, mimi si daktari, lakini nilimwona anavyonyauka.

Tulihama. Nyumba tuliyo nayo sasa ina sakafu ya saruji sebuleni, na ukuta wa mbele ni matofali ya matundu, unaona barabara. Jirani ana mama mkwe anayetoka huko huko kwetu. Mchana wanakaa kivulini wanachambua choroko, wanaongea Kirangi mpaka jua linazama. Na usiku mmoja mama alipozidiwa mume wangu akiwa safari, ni yule jirani aliyetoa gari.

Kaka yangu, kabla hujalipa, mlete mama aione hiyo nyumba. Mwache hapo saa nzima, ukae pembeni. Utajua.

Mzee wa Kilimani

Namheshimu dada hapo juu, lakini mtaa kimya usilaumiwe peke yake. Nilikotoka baa ilikuwa imeshikana na ukuta wangu, watoto walikuwa wanasinzia darasani. Nilipohamia huku walilala, wakasoma. Miaka tisa sasa sijajuta.

Tulichofanya ni hiki: siku ya tatu mimi na mke wangu tulibisha hodi nyumba tatu za kushoto na tatu za kulia, tukajitambulisha. Wawili walitushangaa. Mmoja alitupa papai, na mpaka leo ndiye ninayemwachia funguo. Magetini kuna watu, lakini lazima uwafuate.

Ila ukimya wenyewe uupime. Jumapili saa nne asubuhi watu wapo kanisani, mtaa gani hautulii saa hiyo? Nenda Ijumaa usiku saa nne. Angalia kama nyumba ya jirani imegeuzwa loji, maana Bunge la bajeti likianza Aprili mpaka mwisho wa Juni mji unajaa wageni, na nyumba nyingi za makazi siku hizi zinapokea wageni. Magari yanaingia na kutoka usiku kucha.

Wakili wa Mtaani

Niongezee upande wa sheria kwa kifupi.

Mwenye nyumba aonekane, na kama yuko mbali basi mwakilishi awe na hati ya uwakili iliyoandikwa na kushuhudiwa. Maneno ya dalali kwamba "ameniachia" hayatoshi. Omba nakala ya hati ya kiwanja, ufanye upekuzi ofisi ya ardhi ujue jina lililopo na kama nyumba ina rehani ya benki. Nenda pia ofisi ya serikali ya mtaa. Mwenyekiti na mtendaji wanajua nyumba ipi ni ya nani na ipi ina ugomvi, na wewe kama mkazi mpya unapaswa kujitambulisha pale kwa vyovyote.

Kingine ambacho wapangaji wengi hawakijui: Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 59, inamzuia mwanandoa kuuza, kuweka rehani au kupangisha nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake. Mume akikupangishia nyumba ambayo mkewe hajaridhia, unaweza kujikuta katikati ya vita vya wenyewe. Uliza kama yupo mke au mume, naye aweke sahihi.

Hela ilipwe benki kwenye akaunti yenye jina lile lile la kwenye hati. Ukiambiwa utume kwa simu, soma jina linalokuja kabla hujaweka namba ya siri. Likiwa tofauti, simama.

Kwenye LUKU: kodi ya jengo hukatwa kupitia umeme tangu Agosti 2021, sasa ni 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida. Nyumba ikikaa tupu bila kununuliwa umeme deni linajikusanya, na wewe ndiye utakayekatwa siku ya kwanza. Kodi hiyo ni ya mwenye nyumba, kubalianeni ipunguzwe kwenye pango. Bili ya maji nayo, aikabidhi ikiwa haina deni. Na piga picha kila ufa, kila kitasa kibovu, siku mnayokabidhiana funguo, muambatanishe na mkataba.

Kijana wa Nkuhungu

Mimi naongeza mawili. Mvua inaanza mwezi ujao, na wewe nyumba umeiona ikiwa kavu. Angalia ukuta wa nje kwa chini kama kuna mstari wa tope wa mwaka jana. Pili, kutoka Area D mpaka Mtumba si karibu, na watoto utawapeleka shule kwanza. Jaribu kuendesha saa kumi na mbili na nusu siku ya kazi.

Mpwapwa Asili (mleta mada)

Nawashukuru sana, nimesoma kila neno. Dada wa Area C, maneno ya mama yako nilimsomea mke wangu kwa simu, tukanyamaza wote wawili. Ingawa kusema kweli amekasirika kidogo, anaona nyumba inatuponyoka. Kesho usiku naenda, na Jumatatu naanzia ofisi ya mtaa.

Mpwapwa Asili (mleta mada)

MREJESHO.

Ijumaa usiku mtaa ulikuwa umetulia kweli, hilo halikuwa uongo. Bomba la nje lilitoa pumzi, likatema maji ya rangi ya udongo kama kikombe kimoja, likakauka. Mlinzi wa jirani akasema upande huo wanapata Jumatano usiku, wakibahatika.

Jumatatu nikaenda ofisi ya mtaa. Mtendaji aliponisikia nikitaja nyumba yenyewe akaniuliza nimeshalipa kiasi gani. Nikamwambia bado. Akashusha pumzi. Mwenye nyumba alifariki, mirathi haijakamilika, na upande mmoja wa ndugu haujui kama nyumba inapangishwa. Nilimpigia dalali nikamwambia anikutanishe na msimamizi wa mirathi, akasema atanirudia. Mpaka leo Alhamisi hajanipigia, wala hiyo familia ya Jumatatu haijahamia, geti lina kufuli lile lile.

Mke wangu hakusema kitu kwa muda mrefu. Baadaye akaniambia, "Tafuta nyingine, lakini safari hii twende na mama."

Jana tumeona moja Kisasa, ni njia ya kwenda Mtumba. Ni ya zamani, makabati ya jikoni yamechoka, masta ni moja tu. Ina tenki mbili za lita 2,000, na bomba la nje nililifungua mwenyewe, presha nzuri. Mwenye nyumba ni mama mstaafu, anakaa nyumba ya pili kutoka hapo, hati alinionyesha na jina nikalilinganisha na kitambulisho chake. Anataka laki sita na nusu, amekubali miezi mitatu mitatu. Mama nilimwacha barazani nikazunguka na mwenye nyumba kuangalia paa. Tuliporudi hatukumkuta. Alikuwa uchochoroni anaelekezwa na mama mmoja wapi panapouzwa mlenda mkavu.

Kuna ufa mmoja chumba cha watoto, unatoka kona ya dirisha kwenda juu, kidole kidogo hakiingii. Fundi, huo ni wa kuogopa au ni plasta tu? Na kama kuna mwenye fuso inayotoka Dar es Salaam wiki ya kwanza ya Januari, anitafute, mizigo yangu ni nusu gari.

Fundi Bomba Dom

Weka alama ya penseli mwisho wa ufa na uandike tarehe ukutani kabla mvua hazijaanza. Ukivuka alama kufikia Februari, mwite fundi mwashi auone msingi. Jumamosi nina kazi Kisasa, nikipata nafasi nitapita kuutazama.