Tupeane uzoefu: kuunga NAS na laptopu kwa waya tu, bila ruta

mpigapicha_ujiji

Wakuu, habari za jioni. Huku kwetu Kigoma wengi tunaishi kwa bando la simu. Ruta yenye matundu ya waya utaikuta maofisini, hotelini na kwa wachache waliojaaliwa. Lakini diski za mtandao, hizi NAS, zimeshaingia mpaka studio za mitaani, na kila anayefungua boksi anauliza swali lilelile: naichomeka wapi? Karatasi ya maelekezo inaanza na "unganisha kwenye ruta yako", mtu anaguna, anairudisha kwenye boksi. Aliyewahi kuiunga moja kwa moja kwenye laptopu aseme ilivyokuwa kwake. Nadharia tumeshasoma, tunataka yaliyotokea.

Naanza mimi. Napiga video za harusi, Ujiji na Mwanga zaidi. NAS yangu ina diski mbili zinazoandika kitu kimoja, ili moja ikifa nyingine ibaki na kazi za watu. Nilichomeka waya wa itheneti huku na huku, taa za kwenye matundu zikaanza kumeta, laptopu ikasema mtandao hautambuliki. Waya ulikuwa mzima. Kinachokosekana ni mgawaji wa anwani za IP (namba za kutambulisha kila kifaa kwenye mtandao), kwa sababu kazi hiyo hufanywa na ruta. Laptopu ya Windows inaomba anwani, ikikosa jibu inajipa yenyewe inayoanza na 169.254. NAS nyingi hufanya hivyohivyo. Ukiwa na subira ya dakika moja na ushei, zote mbili zinajikuta kwenye ukoo mmoja, yaani namba zao zinaanza sawa, na zinaweza kuzungumza. Nikafungua programu ya watengenezaji ya kuitafuta NAS (Synology wanayo, QNAP wanayo), ikaiona, nikaingia.

Ila namba za 169.254 hazina uhakika, leo hii kesho ile. Kwa hiyo kupitia ukurasa wa NAS nikaipa ya kudumu, 192.168.50.2. Ukibonyeza hifadhi tu inakupotea, usishtuke, ndiyo kwanza imehama ukoo. Nenda kwenye mipangilio ya laptopu (andika ncpa.cpl pale pa kuendeshea amri, ndiyo njia fupi), ule muunganisho wa itheneti upe 192.168.50.1, na zote mbili sabneti (namba inayoonyesha ukoo unaishia wapi) 255.255.255.0. Kisha kwenye kidirisha cha mafaili andika \\192.168.50.2. Mimi tangu hapo sijahitaji ruta.

fundi_gungu

Mkuu umemaliza sehemu kubwa. Niongeze pale watu wanapokwama na kunipigia simu. Kwenye ile fomu ya kuandika anwani kuna nafasi ya getiwei, yaani mlango wa kutokea kwenda intaneti. IACHE TUPU. Wateja wangu wengi wanaona nafasi wanajisikia vibaya kutoijaza, wanaweka namba ya NAS. Matokeo yake laptopu inadhani intaneti inapitia kwenye NAS, na kwa kuwa waya huwa unapewa kipaumbele kuliko waifai, hotspoti ya simu inabaki imeunganishwa lakini hakuna ukurasa unaofunguka. Mtu analaumu mtandao wa simu kutwa nzima.

Jambo la pili, ukoo wa namba za waya usifanane na wa waifai. Kama modemu yako ya mfukoni inagawa 192.168.8, basi waya upe 192.168.50 au 10.10.10, chochote ila si 192.168.8. Vikifanana laptopu haijui iende mlango gani.

mzee_wa_reli

Vijana mnasahau. Kuunga mashine mbili uso kwa uso lazima waya wa kuvuka, yaani upande mmoja rangi ya chungwa na kijani zimebadilishana nafasi. Enzi zetu ofisini ukiweka waya wa kawaida kati ya kompyuta mbili hata taa haiwaki.

fundi_gungu

Shikamoo mzee. Ulikuwa hivyo kweli kwenye vifaa vya zamani. Vya siku hizi, hasa vya gigabiti (megabiti 1,000 kwa sekunde), tundu lenyewe linagundua upande upi unatuma na upi unapokea, linajigeuza. Waya wowote mzima unafanya kazi.

mzee_wa_reli

Marahaba. Sawa, lakini wa kuvuka ninao bado, sitautupa.

fundi_gungu

Usiutupe mzee, nao unafanya kazi vilevile.

binti_kasulu

Naomba niulize kijinga kabla ya kutoa uzoefu. NAS yangu ina tundu la USB nyuma. Kwa nini nisichukue waya wa USB nikachomeka kwenye laptopu kama diski ya kawaida, yakaisha?

mpigapicha_ujiji

Dada hilo swali kila mtu analo, wengine wanaona haya tu. Lile tundu kwa kawaida si la kuingilia. NAS ni kompyuta kamili, ina prosesa na mfumo wake, na tundu lile ni la yenyewe kupokea vitu: diski ya nje ya kuhifadhia nakala, au UPS (betri ya akiba umeme ukikatika). Ukiunga na laptopu ni kama kuunga laptopu mbili kwa USB, zinatazamana tu. Zipo chache zilizotengenezwa na uwezo huo, lakini zitakuwa zimetangaza kwenye boksi.

binti_kasulu

Asante kaka. Basi uzoefu wangu ni huu. Laptopu yangu nyembamba haina tundu la itheneti, nikanunua adapta ya USB mjini. Ikakubali, mafaili yakahama, lakini kwa mwendo wa kuchosha. Mjomba wangu aliyesoma mambo haya akaiangalia akaniambia hii ni ya USB 2.0, haiwezi kubeba gigabiti hata ufanyeje. USB 2.0 mwisho wake kwenye karatasi ni megabiti 480 kwa sekunde, na kiuhalisia hata hizo huzipati. Tena zipo za bei ya chini zaidi zinazoishia megabiti 100. Nikabadilisha nikachukua ya USB 3.0, tofauti mchana na usiku. Mkienda dukani ombeni 3.0 na isomeke gigabiti, msikubali kuambiwa "zote sawa mama".

karani_urambo

Natokea Urambo, mkoa wa Tabora, msinifukuze wana Kigoma. Mwangaluka!

Nafanya kazi za maofisi ya vyama vya wakulima wa tumbaku, kuskani makaratasi ya miaka na miaka. Stakabadhi za mizani, mikataba, daftari za mbolea. Mafaili yote yanaingia NAS moja, na msimu ukiisha naiunga na laptopu kuchukua nakala. Anwani ziko sawa, laptopu ina gigabiti, NAS ina gigabiti, lakini mwendo ukagoma kwenye megabaiti 11 kwa sekunde. Sio 10, sio 15, ni 11 tu siku nzima.

Hiyo 11 ni alama ya kidole jamani, ikariri. Ni mwendo wa megabiti 100, maana baiti moja ni biti nane. Gigabiti yenyewe inakupa kama megabaiti 110. Kwa lugha ya saa: terabaiti moja kwa 110 ni saa mbili na nusu hivi, kwa 11 ni zaidi ya siku nzima.

Kisa kilikuwa waya. Ndani ya waya wa itheneti kuna nyaya nane, jozi nne. Mwendo wa 100 unatumia jozi mbili tu, zile za nafasi ya 1, 2, 3 na 6. Gigabiti inataka zote nane. Waya wangu ulikrimpiwa (kufungwa kichwa kwa koleo) na kijana wa mtaani, jozi ya bluu haikugusa vizuri kwenye kichwa. Vifaa vikaona hazitimii, vikakubaliana kushuka bila kumwambia mtu. Hakuna ujumbe wa kosa wala nini. Nikakata kichwa, nikaweka kipya kwa mpangilio ule wa kawaida: chungwa-nyeupe, chungwa, kijani-nyeupe, bluu, bluu-nyeupe, kijani, kahawia-nyeupe, kahawia. Pande zote mbili vilevile. Ikapanda.

fundi_gungu

Karani hapo umenigusa. Nyaya nyingi zinazouzwa kwa mita siku hizi si shaba, ni alumini iliyopakwa shaba. Kwangua kidogo kwa wembe, ukiona ndani inang'aa nyeupe usilipe bei ya shaba. Inakatika ukiikunja mara kwa mara, na kazi ya kuchomeka na kuchomoa kila siku ndiyo adui yake. Kwa NAS na laptopu meza moja, nunua waya mfupi uliokwisha kukrimpiwa kiwandani, ulioandikwa Cat 5e au Cat 6. Achana na kusokota.

msafiri_kibirizi

Mimi nina neno tofauti. Kwa nini mjitese? Diski ya nje ya USB inachomekwa inafanya kazi.

mpigapicha_ujiji

Kama uko peke yako na kazi si nyingi, uko sahihi kabisa, wala sibishani. Mimi nina vijana wawili wa kuhariri. Jioni nachomeka waya nachukua kazi nzito, mchana NAS ikiwa kwenye swichi ndogo ya mtandao, kile kiboksi cha kuunganisha nyaya kadhaa, wote watatu tunaingia. Diski ya USB ikianguka sakafuni harusi ya mtu imekwenda. (Na wewe mwenye diski mbili kwenye NAS usijidanganye, ukifuta faili linafutika kote. Nakala nyingine iwe nje ya nyumba.)

mwl_isevya

Tabora mjini hapa, nafundisha kompyuta. Yetu ilikuwa NAS ya msaada, ya zamani, imejaa masomo ya video. Waya sawa, anwani sawa, ukipingi (ukiiita kwa amri ya ping) inajibu, ukurasa wake unafunguka kwenye kivinjari. Lakini ukiandika \\ na namba, Windows 10 inakataa.

Sababu ni lugha. NAS ile inaongea SMB (lugha ya kushirikiana mafaili kwenye mtandao) toleo la kwanza tu, na toleo hilo Windows 10 iliacha kuliweka kama kawaida kuanzia toleo la 1709 mwaka 2017. Ni mwaka uleule kirusi cha WannaCry kilipita mwezi Mei kwenye ufa wa toleo hilo na kufunga kompyuta dunia nzima, hospitali za Uingereza zikiwemo. Kwa hiyo hawakukosea. Kwanza tafuta kama mtengenezaji ametoa mfumo mpya wa NAS wenye toleo la pili au la tatu. Yetu haikuwa nao. Tukafanya hivi: laptopu tukaizimia waifai, ikabaki na waya wa NAS tu, tukawasha SMB ya kwanza kwenye orodha ya vipengele vya Windows, tukahamisha kila kitu, tukazima tena. Hapo waya wa moja kwa moja ulitufaa kuliko ruta, maana hakuna mwingine aliyekuwa kwenye njia ile.

Windows 11 toleo la 24H2 nayo imekaza: kuingia kama mgeni bila nenosiri kwenye toleo la Pro imezuiwa. Tengenezeni mtumiaji na nenosiri ndani ya NAS. Na mnapoulizwa jina, ni la mtumiaji wa NAS, si lile la kufungulia laptopu. Wanafunzi wangu hukosea hapo kila muhula.

binti_kasulu

Mwalimu, na ile ya NAS kutoonekana kwenye orodha ya mtandao?

mwl_isevya

Mtandao usiotambulika Windows inauweka kundi la hadharani, inaficha wenzake. Usisubiri ijitokeze, andika namba yake tu.

msafiri_kibirizi

Haya, nimerudi na swali, nimeshawishika. Kaka yangu anapeleka wageni Gombe, picha za sokwe zimemjaa mpaka simu zinagoma. Anataka NAS ipate na intaneti kidogo, saa yake iwe sahihi, lakini bila ruta.

karani_urambo

Inawezekana. Laptopu ikiwa kwenye hotspoti, fungua mipangilio ya ule muunganisho wa waifai, washa kushiriki intaneti, uelekeze kwenye itheneti. Laptopu yenyewe inageuka kuwa ruta: inajipa 192.168.137.1 na inaigawia NAS namba ya ukoo huohuo. Hapo NAS iwe imewekwa kupokea anwani otomatiki. Na kwa asiyetaka kuandika namba yoyote hii ndiyo njia nyepesi kuliko zote.

Ila zima masasisho ya otomatiki na zile huduma za kupandisha picha winguni KABLA hujawasha. NAS haijui bando ni nini. Ya jirani yangu ilikula bando la wiki kabla chai haijapoa.

mpigapicha_ujiji

Na umeme jamani. Laptopu ina betri, NAS haina. Ukikatika katikati ya kunakili, laptopu inaendelea kuwaka, kidirisha kinaganda, faili lililokuwa njiani linabaki nusu. Mimi ninayo UPS ndogo, nimeiunga na lile tundu la USB alilouliza dada, na NAS inaambiwa umeme hakuna, inajizima kwa utaratibu. Halafu izuieni laptopu isilale wakati wa kuhamisha. Ikisinzia, na waya umesinzia.

mzee_wa_reli

Swali langu la mwisho. NAS iko chumba cha mbele, mimi nakaa banda la uani, kama mita 40. Waya utafika?

fundi_gungu

Kufika unafika mzee, kipimo ni mita 100. Lakini usiupitishe juu hewani kati ya majengo mawili. Radi za huku ziwani tunazijua, na hata ikipiga mbali, waya mrefu wa nje unaweza kuvuta umeme ukaunguza tundu la NAS na la laptopu kwa pamoja. Beba NAS, weka chumba ulichomo.

mzee_wa_reli

Nitaibeba. Jumamosi pita na koleo lako la kukrimpu, ule waya wangu wa kuvuka kichwa kimoja kimelegea.