Mjadala: Kiongozi ahukumiwe kwa maneno yake, au ni aliyeshika panga peke yake?

Ndugu zangu wa Lubumbashi, kila tukigusa fujo za 1992 na 1993 za kuwafukuza Wakasai, watu wenye asili ya Kasai, hapa Katanga, hakosi mtu wa kusema: "Gavana hakumpiga mtu, alihutubia tu." Mimi hoja hiyo naikataa.

Gavana Kyungu wa Kumwanza aliwaita Wakasai bilulu, wadudu, hadharani. Lalamiko aliloanzia lilikuwa na ukweli: kazi za Gécamines, kampuni ya migodi ya serikali, na za reli zilikuwa haba, na Wakasai, walioletwa na Wabelgiji tangu enzi za Union Minière, kampuni yao ya migodi, walikuwa wengi maofisini. Agosti 1992 Mkutano Mkuu wa Kitaifa ukamchagua Étienne Tshisekedi, Mkasai, kuwa waziri mkuu mahali pa Nguz Karl-i-Bond, Mkatanga mwenzetu. Hapo njaa ya kazi ikapewa sura ya jirani, na kumfukuza jirani kukaitwa kujitetea. Vijana wa JUFERI, tawi la vijana la UFERI, chama cha Nguz na Kyungu, waliingia mitaani wakiamini wanalinda kwao.

Likasi walifukuzwa hata watu waliozaliwa pale pale, Kasai hawaijui. Familia kwa maelfu zililala stesheni na vyombo vyao, zikingoja treni, na wengine wakafia hapo. Na Kyungu huyo mwaka 1980 alikuwa kati ya wabunge 13 walioandika barua ya kumpinga Rais Mobutu, bega kwa bega na Tshisekedi! Alijua vizuri anamsema nani.

Sheria ya 1966 dhidi ya ukabila tunayo. Ianze na wakubwa.

*Jibu, kutoka Katuba:*
Mkubwa, uchungu wako nauelewa. Lakini sheria hiyo ataishika nani? Mwenye madaraka. Kesho kijana akidai kazi mgodini ataambiwa anachochea. Na wakubwa wataponyoka: Ubelgiji ilitoa hati ya kumkamata Yerodia, waziri wetu wa mambo ya nje, mwaka 2000, kwa hotuba zake za 1998 dhidi ya Watutsi. Mwaka 2002 Mahakama ya Kimataifa ya Haki, kule Hague, ikaiamuru Ubelgiji iifute.

*Mwenye mada:*
Asante ndugu. Hague haikusema hotuba zile ni halali. Ilisema waziri wa mambo ya nje hakamatwi na nchi nyingine akiwa madarakani. Mahakama za kwake zingeweza kumhukumu. Kudai kazi ni haki, hata kwa ukali. Mimi mpaka nauweka pale kiongozi anapolitaja kabila zima kuwa wadudu na kuwaonyesha vijana waliko. Wewe ungeuweka wapi?