Tupeane uzoefu: kupanda kwa siku moja mlima wenye msitu kileleni katika nchi ya jangwa

Mwanzisha mada

Ndugu zangu wapanda milima, naomba hapa tuzungumze sisi tuliokwisha kupanda na kushuka kwa siku moja mlima ambao chini yake ni ukame mtupu na juu yake ni msitu. Safari ya namna hii ina taabu zake, ambazo mtu aliyezoea Aberdare au Usambara hajapata kukutana nazo, na nimeshuhudia watu wazima wenye afya njema wakizidiwa kwa sababu tu hawakuambiwa mapema. Naanza na yangu.

Ololokwe, ambao Wasamburu huuita Ol Doinyo Sabache, uko kaskazini mwa Kenya, kando ya barabara ya lami itokayo Isiolo kwenda Moyale, ukishapita Archers Post. Ukiwa barabarani unaona jabali moja kubwa lenye kichwa bapa na ukuta wa mawe ulioshuka wima, na pande zote limezungukwa na migunga, miiba na laga, yaani ile mito ya mchanga isiyo na maji. Hakuna dalili yoyote inayokuonyesha kwamba juu, kwenye mwinuko wa mita 2,000 hivi, imesimama mitarakwa, miti mirefu ya nyanda za juu zenye baridi.

Mara ya kwanza sikufika. Aliyetupangia safari alikuwa ametuahidi kwamba tungeanza kabla jua halijachomoza, lakini gari lilichelewa, na tulipoanza kupanda ilikuwa saa tatu na nusu, kila mmoja akiwa na lita moja na nusu ya maji. Njia haina kivuli cha maana, na mawe yaliyokwisha kupata jua hukurudishia joto usoni, ukawa unaunguzwa kutoka juu na kutoka chini. Ilipofika saa sita mwenzetu mmoja alikuwa ameacha kutokwa na jasho, na ukimuuliza jambo anachelewa kujibu kana kwamba anaitwa kutoka mbali. Morani aliyetuongoza hakubishana na mtu. Alimkalisha kwenye kivuli cha mwamba, akalowesha shuka yake mwenyewe kwa maji yaliyobaki, akamfunika nayo kichwa na mabega, kisha akatuambia kwamba tungeshuka jua likipoa. Tulikaa pale hadi saa kumi, na mwenzetu alipoanza kuulizia viatu vyake ndipo nilipopumua.

Mara ya pili tuliondoka saa kumi na moja alfajiri tukiwa na tochi, kila mtu na lita nne, na kufikia saa tatu tulikuwa tumeuacha mteremko mkali. Kwanza ilitokea saikadi, mimea inayofanana na minazi mifupi, yenye koni kubwa kama mananasi katikati ya makuti yake magumu. Kisha tukaingia kwenye mitarakwa. Midomo yangu ilikuwa imepasuka kwa ukavu, na mbele ya macho yangu, kwenye ncha za kuvumwani, zile nyuzi ziotazo kwenye miti na kuning'inia matawini kama ndevu za mzee, kulikuwa na matone ya maji. Niligusa moja, likavunjika kidoleni, likiwa baridi. Msitu ule unanyweshwa na ukungu: upepo wenye unyevu kutoka Bahari ya Hindi ukigonga mlima hulazimika kupanda, ukipanda hupoa, na unyevu wake hugeuka ukungu ambao miti huuchuja kwa majani na kuvumwani zake. Uwandani upepo huohuo hupita bila kuacha kitu.

Kutoka ukingoni unawatazama tumbusi wakiruka chini yako, unaona migongo yao, maana hutaga kwenye ukuta ule wa mawe. Hata hivyo kilichonikaa zaidi moyoni ni samadi. Tulikuta samadi ya ng'ombe ndani kabisa ya msitu, na kiongozi wetu akatueleza kwamba malisho ya uwandani yakiisha wachungaji huwapandisha ng'ombe huko juu kwa njia ileile tuliyokuwa tumeipanda tukihema. Tangu siku hiyo siuoni tena ule msitu kama zawadi ya mpanda mlima. Kwa Wasamburu ni mahali patakatifu na ni akiba ya mwaka wa njaa, na sisi tumekaribishwa tu.

Mchangiaji kutoka Arusha

Ahsante sana, kaka. Mimi nazungumzia Longido, mlima wa kaskazini mwa Tanzania ulio kando ya barabara ya Arusha kwenda Namanga. Unapita mita 2,600, na watu wengi huupita ndani ya basi bila kuinua macho. Chini ni vumbi na miiba, na ukikaribia juu unaingia kwenye msitu mnene wenye mbogo, ndiyo maana kupanda bila Mmaasai wa pale anayezijua njia zao ni kujitafutia kifo. Kiongozi wetu alitusimamisha mara mbili kwa kuinua mkono tu, tukasikiliza, tukaendelea.

Jambo la maji ulilolieleza lina historia yake hapo. Tarehe 3 Novemba 1914, katika Vita Kuu ya Kwanza, majeshi ya Waingereza, wengi wao askari wa Kihindi, yaliupanda Longido usiku ili kuwaondoa Wajerumani. Mchana ukawakuta vitani, na nyumbu wa mizigo wapatao 100 waliokuwa wamewabebea maji wakaangukia mikononi mwa adui. Usiku ulipoingia walishuka, wakarudi upande wa Kenya bila kuupata mlima. Nilipoketi kwenye mwamba wa kilele nikiwa na nusu lita iliyosalia, huku Meru ikionekana upande mmoja na Kilimanjaro upande mwingine, niliwafikiria sana wale askari.

Naongeza la viatu. Soli yangu ya kulia ilibanduka nusu ya njia, kwa sababu kiatu kilikaa miaka mingi kabatini na gundi ilikuwa imekufa. Nilishuka nikiwa nimeifunga kwa kamba ya katani. Vijaribuni viatu vyenu wiki moja kabla.

Mchangiaji kutoka Marsabit

Kwetu mlima ni mji. Tunaamka ndani ya ukungu tukiwa na masweta, na ukishuka kwa gari kuelekea jangwa la Chalbi sweta unalivua njiani. Kutembea kwa siku moja ndani ya hifadhi hadi ziwa la Gof Sokorte Guda, lililo ndani ya shimo la volkano, kunahitaji askari wa wanyamapori, kwa kuwa tembo wangali wapo. Msitu huu ndio uliomlea Ahmed, tembo aliyelindwa kwa amri ya Rais Kenyatta tangu 1970 hadi alipokufa mwaka 1974. Chemchemi ya Bakuli inayonywesha mji inatoka humuhumu msituni, kwa hiyo tunapomkataza mgeni kukata hata kijiti cha kuotea moto tunamaanisha.

Mchangiaji mwingine

Naomba kumuuliza mwanzisha mada: kule juu ya Ololokwe mtu anaweza kujaza chupa, ili apande na maji kidogo?

Mwanzisha mada

Ndugu yangu, usiitegemee hesabu hiyo. Siku ile tulikuta kidimbwi kimoja chenye upana wa meza ya chakula, kimezungukwa na nyayo za mifugo. Kiongozi wetu aliyafunua majani yaliyokifunika, akatuonyesha, akayarudisha. Beba lita nne kutoka chini, na ya tano uiache garini, maana mtakaporudi saa nane au saa tisa hiyo ndiyo mtakayoigombania.