Polima za florini kwenye MRI, signali inajiwashaje?

mdadisi_wa_picha:
Wakuu, nakwama hapa. Nasoma kuhusu polima (molekuli ndefu kama mnyororo) zenye florini, za kutumia kwenye MRI, ile mashine ya sumaku ya kupiga picha ndani ya mwili, wanasema ukichomwa sindano zinakaa kimya mpaka zifike kwenye uvimbe ndo zinaonekana. Sasa florini si ni ileile tu, inakuwaje hapa ionekane pale isionekane? Na kwa nini wasitumie gadolini (ile dawa ya kung'arisha picha za MRI) tu yaishe?

koili_mbili:
Gadolini yenyewe huioni mkuu, unachokiona ni maji ya jirani yake yaliyobadilishwa tabia, na mwili wote ni maji, ndo maana unapiga picha kabla na baada halafu unaanza kulinganisha. Florini unaisoma yenyewe. Ile ya asili imeganda kwenye mifupa na meno, signali yake inakufa kabla mashine haijainasa, so chochote kinachowaka ni ulichochoma wewe. Sumaku ni ileile ila kwenye Tesla 3 (nguvu ya sumaku) haidrojeni ya maji inaitika kwenye masafa ya kama megahezi 128 na florini 120, lazima uwe na koili (antena ya mashine) inayosikia hiyo 120.

mnyororo:
Kujiwasha ni suala la T2, yaani muda signali inaodumu kabla ya kufifia. Vipande vya florini havipatani na maji, vinajikunja vinabanana katikati, vikibanana havina pa kucheza, T2 inakuwa fupi mno na signali inapotea. Sasa wakemia wanapachika vikundi vya amino humo, kwenye damu pH (kipimo cha asidi, ikishuka asidi imezidi) ni 7.4 vinatulia tu, lakini kwenye uvimbe pH ikishuka kuelekea 6.5 vinadaka protoni, vinapata chaji, vinaanza kusukumana, mnyororo unafunguka na florini inapata uhuru. Polima nyingine zinafungwa kwa kiungo cha salfa mbili kinachokatwa na glutathioni, kemikali ya asili ya mwili, ndani ya seli iko kwa milimola wakati kwenye damu ni mikromola tu.

mdadisi_wa_picha:
Ahaa nimekupata. Ila sasa nikiona giza ntajuaje kama polima haijafika au imefika ila imelala?

mnyororo:
Kwa picha hiyo peke yake hujui. Njia mojawapo ni kuweka florini za aina mbili, moja inawaka muda wote na nyingine ndo ya kubadilika, masafa yao yanapishana kidogo so unazisoma mbalimbali unapiga uwiano.

koili_mbili:
Na hapo hujafika kwenye dozi, florini inatakiwa nyingi kweli, milimola, sio kama gadolini. Ukiijaza ili ionekane, polima nayo inazidi kuyakimbia maji na kujibana, signali inashuka tena. Kwa maoni yangu hapo ndo pagumu kuliko hiyo swichi ya pH.