Gumzo la Ukoo: Power Rangers wa Hamisi

Shangazi Rehema: Jamani, Hamisi kanikalia kooni. Anatazama Power Rangers zile za zamani, ile tamthilia ya Marekani ya mashujaa wa suti za rangi, sasa anauliza mbona wa njano ni dada mwembamba, akishavaa kofia tu anapata mabega kama mbeba magunia 😂

Mjomba Salim: Ana macho huyo! Ni mwanamume kweli. Mapigano mengi yalitoka kwenye tamthilia ya Toei ya Japani, Zyuranger ya 1992, na kule wa njano alikuwa kaka. Wamarekani wakarekodi zile sehemu za sura wazi, wakaunganisha. Mtazame wa pinki ana sketi, wa njano hana.

Neema: Weee! Utoto wangu wote nimedanganywa??

Mjomba Salim: Hata yale maroboti ni ya Japani 🤣

Shangazi Rehema: Na wale mashujaa watatu walioenda Uswisi kwenye mkutano wa amani? Anawasubiri warudi.

Mjomba Salim: Asijichoshe, dada. Hiyo ilikuwa 1994. Austin St. John, Thuy Trang na Walter Jones walitaka walipwe vizuri, hawakuelewana na wenye kazi, wakaondoka. Vipindi kadhaa wakawa wanaonyeshwa kwa picha za zamani na watu wa kuwaigiza, sauti zimebandikwa.

Neema: Yaani umeacha kazi na bado unaonekana kazini 😭 Kofia ile ilimfaa bosi kuliko mtu yeyote.

Juma: Mimi zangu ni zile za msimu wa Ninja Storm, zina misitu misitu.

Mjomba Salim: Hapo ni New Zealand. Disney waliichukua Power Rangers 2001, kurekodi kukahamia huko. Na New Zealand hiyohiyo mwaka 1994 ilikuwa imeitoa hewani, wazazi wamelalamikia mateke!

Babu: Walilalamika kwa haki. Kochi langu mlilivunja kwa mateke hayohayo.

Neema: Babu shikamoo 🙈 Ni Juma.

Juma: Mimi nilikuwa wa bluu, aliyeruka ni wewe!

Shangazi Rehema: Sasa inamilikiwa na nani?

Mjomba Salim: Haim Saban, mwanzilishi wake, aliinunua tena 2010, akawauzia Hasbro, wale watengeneza vinyago, 2018, dola milioni 522. Msimu wa Cosmic Fury wa 2023 angalau walijishonea suti zao, ila maroboti bado ya Japani.

Babu: Milioni 522, na fundi wangu wa kochi anataka elfu themanini tu.

Shangazi Rehema: Hiyo Cosmic Fury iko wapi? Bando langu limekata, Salim nirushie.