Mjadala: Je, mashine za ultrasaundi ya mwanga ziidhinishwe kabla ya kupimwa kwa ngozi za rangi zote?

Mleta mada

Naomba tujadili swali ambalo mamlaka za vifaa tiba haziwezi kulikwepa: je, mashine inayotumia mwanga kutengeneza picha za ultrasaundi iruhusiwe kuingia hospitalini ikiwa mtengenezaji hajaonyesha inavyofanya kazi kwa watu wenye ngozi nyeusi sana, nyeupe sana na za kati? Msimamo wangu ni kwamba isiruhusiwe.

Kwa asiyeifahamu teknolojia yenyewe, mwanga wa leza hurushwa mwilini kwa mapigo mafupi mno, yanayopimwa kwa sehemu za bilioni za sekunde. Tishu inayoufyonza, hasa damu kwa sababu ya hemoglobini (protini yake inayobeba oksijeni), hupata joto kidogo, hutanuka ghafla, na kutanuka huko huzaa wimbi la sauti ambalo hunaswa na kichunguzi kilichowekwa juu ya ngozi. Joto likipanda kwa sehemu moja tu ya elfu ya nyuzi, shinikizo linalozaliwa hufika paskali 800 hivi, na vipokezi vya leo hulinasa. Alexander Graham Bell aligundua mwaka 1880 kwamba mwanga unaokatwakatwa huweza kuzaa sauti, ingawa matumizi ya kitabibu yalingoja leza na kompyuta. Ultrasaundi ya kawaida huonyesha zaidi maumbo. Hii huonyesha damu iko wapi na ina oksijeni kiasi gani, kwa kuwa hemoglobini yenye oksijeni na isiyo nayo hazifyonzi mwanga kwa namna moja. Si ndoto tena: Januari 2021 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani (FDA) iliidhinisha mashine iitwayo Imagio, inayochanganya ultrasaundi ya kawaida na mwanga wa nanomita 757 na 1064 (namba hizo ni urefu wa wimbi la mwanga) ili kumsaidia daktari kutofautisha uvimbe wa saratani ya matiti na usio wa saratani.

Tatizo liko juu kabisa, kwenye ngozi. Melanini, yaani kinachoipa ngozi weusi wake, nayo hufyonza mwanga. Kadiri ilivyo nyingi, ndivyo mwanga unaofika chini unavyopungua, na ngozi yenyewe hutoa wimbi kubwa la sauti ambalo hushuka, likagonga tishu za ndani na kurudi, likichafua picha pale pale daktari anapotafuta mshipa. Wala mtu asiseme tuongeze tu nguvu ya leza, kwa sababu viwango vya usalama vinavyotumika sana, kama kile cha milijuli 20 kwa kila sentimita ya mraba kwa mwanga unaoonekana, havitofautishi rangi ya ngozi, ilhali ngozi yenye melanini nyingi ndiyo inayopata joto zaidi kwa mwanga ule ule.

Yaliyotokea kwa kifaa kidogo cha kubana kidoleni kupima oksijeni, ambacho nacho hutumia mwanga, yanajulikana. Desemba 2020, watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan walionyesha kwamba miongoni mwa wagonjwa ambao kifaa hicho kiliwasoma kuwa na oksijeni ya asilimia 92 hadi 96, oksijeni halisi ya damu ilikuwa chini ya asilimia 88 kwa asilimia 11.7 ya vipimo vya wagonjwa weusi, dhidi ya asilimia 3.6 kwa wazungu. Kifaa kilikuwa kimetumika kwa miongo kadhaa. Mwongozo wa FDA wa mwaka 2013 uliridhika na watu wawili wenye ngozi nyeusi, au asilimia 15 ya washiriki, kutegemea ipi ni kubwa. Majaribio yenye watu 10 yangetimiza sharti kwa watu wawili tu. Hapo hata upendeleo mkubwa hauwezi kuonekana.

Mchangiaji wa kwanza

Ndugu mleta mada, hoja yako ina uzito, lakini umechanganya vitu viwili. Kifaa cha kupima oksijeni hutoa namba moja, na namba isiyo sahihi haijitangazi. Picha ni jambo jingine: daktari akiona ukungu anajua kwamba haoni vizuri, anarudi kwenye ultrasaundi ya kawaida, na mgonjwa hapotezi kitu. Kumnyima mwanamke mwenye uvimbe kipimo kinachoweza kumwepusha na sindano ya kutoa kinyama cha kupimwa, eti kwa sababu orodha ya washiriki haijakamilika, ni kumwadhibu asiye na kosa.

Mchangiaji wa pili

Naongezea kwamba si kila ultrasaundi ya mwanga ina kasoro hiyo. Mwaka 2019 watafiti wa chuo kikuu cha MIT cha Marekani walichapisha picha za kigasha cha watu waliojitolea, zilizopigwa bila jeli wala kugusa ngozi, leza zikiwa umbali wa nusu mita. Leza ya kwanza ilikuwa ya nanomita 1550, mwanga ambao hufyonzwa na maji yaliyomo kwenye ngozi. Sauti ikazaliwa juu ya ngozi, ikashuka kama ultrasaundi nyingine yoyote, na leza ya pili ikasoma mtetemo wa mwangwi uliorudi. Walifika kina cha sentimita 6 hivi, wakaona mafuta, misuli na mfupa. Maji yamo katika ngozi zote. Sharti lako litazibana mashine kama hizi bila sababu.

Mleta mada

Nimeshukuru. Nianze na wa pili, kwa kuwa nakubaliana naye kwa sehemu kubwa: mashine inayotegemea maji haina sababu ya kuogopa kipimo hiki, nayo ingekipita kwa urahisi. Lakini "haina sababu ya kutofautiana" ni utabiri wa kifizikia, na mamlaka huidhinisha kwa matokeo. Izingatiwe pia kwamba leza ya pili husoma mwanga unaorudishwa na ngozi yenyewe, yenye nywele, jasho na makovu.

Kwa wa kwanza, sikubali kwamba picha hujitangaza. Ukungu wa wazi, sawa. Hatari iko kwenye rangi ambazo programu hupaka juu ya picha kuonyesha oksijeni, kwani hizo nazo ni namba zilizovalishwa rangi. Melanini hunyonya mwanga wa nanomita 757 zaidi ya ule wa 1064, kwa hiyo mizani kati ya miale hiyo miwili huweza kuwa imeinama kabla mwanga haujaigusa damu, na picha ikabaki nzuri, yenye kingo safi, huku ikidanganya. Daktari atajuaje?

Na kasoro ikitafutwa, hurekebishika. Mwaka 2023 kundi la Muyinatu Bell wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins lilionyesha kwamba kwa kubadilisha namna ishara za sauti zinavyochakatwa, ateri ya kigasha ilionekana vizuri zaidi hata kwa watu wenye ngozi nyeusi, bila kuongeza mwanga. Hawangefika hapo kama wasingewapima watu wa rangi mbalimbali tangu mwanzo.

Sidai mashine zizuiwe hadi mwisho wa dunia. Nadai rangi ya ngozi ya kila mshiriki ipimwe kwa kifaa, si kwa jicho la muuguzi. Matokeo yachapishwe kwa kila kundi badala ya wastani mmoja. Na pale idadi isipotosha, kibali kiseme wazi kwamba usomaji wa oksijeni haujathibitishwa kwa ngozi hizo. Januari 2025 FDA yenyewe ilitoa rasimu inayopendekeza washiriki 150 au zaidi kwa vifaa vya oksijeni. Anayeona idadi hiyo ni kubwa mno kwa mashine za picha aseme ingefaa ngapi, na kwa hesabu gani.